Aliyekiona kidoa kwanza



Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, mwanafunzi wa miaka 24 aitwaye Jocelyn Bell alikuwa na kazi ya kukagua karatasi. Zilitoka kwenye mashine ya darubini ya redio, karibu mita 30 kila siku, zimejaa michoro. Darubini yenyewe alishiriki kuijenga kwa mikono yake. Katika karatasi hizo aliona kidoa kisichofika sentimita moja, kisichofanana na alama alizozizoea. Mwingine angekipita. Yeye alikumbuka kuwa aliwahi kukiona, tena kikitoka upande uleule wa mbingu.

Msimamizi wake, Antony Hewish, alidhani mwanzoni ni mitambo ya watu tu inayoingilia mawimbi. Binti hakuacha. Novemba akayanasa mawimbi yale vizuri: mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.3, bila kukosea. Kabla ya Noeli akapata chanzo cha pili, mahali pengine kabisa angani. Yalikuwa mabaki ya nyota zilizolipuka, mazito ajabu, yakizunguka na kumulika kama mnara wa taa baharini. Leo huitwa pulsa.

Habari zilipotangazwa, waandishi walimwuliza Hewish mambo ya sayansi. Jocelyn wakamwuliza kama ana wachumba wangapi. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ikapewa Hewish na mwenzake Martin Ryle.

Sisi wahubiri tukifika hapa hukimbilia kusifu unyenyekevu wake. Ni Mkristo wa Quaker, wale ambao ndugu zetu wa magharibi ya Kenya huwaita Marafiki, na amesema mara nyingi kwamba hana kinyongo. Nami namheshimu kwa hilo. Lakini sifa hizo zinanitia wasiwasi, kwa sababu zinatupendeza mno sisi tunaosahau. Msamaha wake ni wake. Deni linabaki kwetu.

Hata Pasaka tuliipokea hivyo. Maria Magdalena na wenzake ndio waliotangulia kaburini, na Luka hafichi kwamba mitume hawakuwasadiki. Ilitubidi tungoje hadi 2016 ndipo Papa Fransisko akaipandisha kumbukumbu ya Magdalena kuwa sikukuu, kama zile za mitume. Hesabu mwenyewe karne hizo.

Mwaka 2018 Jocelyn alipewa tuzo nyingine, ya dola milioni 3. Hakujibakizia kitu. Zote alizitoa zisomeshe fizikia wanawake, wakimbizi na wengine wasioonekana sana katika maabara. Huyo si mtu aliyenyamaza tu. Alijua vizuri mlango ulikuwa mwembamba wapi.

Nakuungamia jambo, msomaji. Tulipozindua ukumbi wa parokia yetu, nilisoma majina ya kushukuru: mwenyekiti, fundi mkuu, wafadhili. Mama mmoja aliyeandika daftari la michango miaka yote, na ndiye aliyegundua kwamba tumelipia mifuko ya saruji isiyofika, sikumtaja. Baada ya Misa alinisalimu kama kawaida, akarudi nyuma ya ukumbi kuosha masufuria.

Nilikumbuka usiku, nimeshalala. Jumapili iliyofuata nikamtaja kwenye matangazo. Askofu na wageni walikuwa wameshaondoka.