Saini ya Mtu Asiyekuwepo



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunauacha kidogo mfululizo wetu wa tafakari juu ya Sakramenti, kwa sababu tumepokea barua iliyotunyima usingizi. Imetoka Marekani, katika jimbo la Ohio, kwa mama mmoja aliyekuwa mwanakwaya wa parokia yetu kabla ya kuhamia huko na familia yake. Ameturuhusu tuyaseme aliyotuandikia, mradi tusimtaje jina.

Alasiri moja mwanawe wa miaka tisa alirudi kutoka shuleni akakuta mlangoni boksi refu, jembamba. Kama mtoto yeyote, alidhani ni zawadi. Mama alipotoka jikoni, kijana alikuwa amekwisha kulichana upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na bunduki ya kuwindia. Ilikuwa mali ya jirani wa nyumba ya tatu, ikirudishwa kutoka kiwandani ilikopelekwa kutengenezwa. Namba ya nyumba ilisomwa vibaya. Jirani alipofuatilia, alionyeshwa kumbukumbu za kampuni ya usafirishaji: mzigo umepokelewa na mtu mzima, saini ipo. Mama anatuapia kwamba siku ile hakuna mtu mzima aliyetia saini, wala kengele ya mlango haikulia.

Lakini anasema kilichomtisha zaidi kilikuja usiku. Mumewe naye ni dereva wa vifurushi, katika kampuni nyingine. Alikisikiliza kisa chote, akanyamaza, kisha akasema: "Hata mimi saini hizo huwa nazitia." Mama anatuuliza: "Baba Paroko, mume wangu ametenda dhambi, au anafanya kazi tu kama wafanyavyo wenzake?"

Tunajibu bila kuzungukazunguka. Ametenda dhambi. Ila hakuitenda peke yake, na walio juu yake wana hesabu kubwa kuliko yake. Haya mawili tutayaeleza kwa utaratibu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba hili ni suala la makaratasi. Katika nchi ile, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 inataka bunduki inayouzwa kutoka jimbo moja hadi jingine ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni, si moja kwa moja nyumbani kwa mnunuzi wa kawaida. Hata hivyo milango michache iliachwa wazi. Silaha iliyopelekwa kiwandani au kwa fundi ili itengenezwe yaweza kurudishwa nyumbani kwa mwenyewe. Mkusanyaji wa silaha za kale mwenye leseni aweza kuzipokea kwake. Tena silaha iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi hata kuwa silaha ya moto mbele ya sheria hiyo. Hivyo bunduki hufika vibarazani mwa watu ndani ya magari yaleyale yaletayo viatu, vitabu na midoli.

Watunga sheria walilijua hilo, wakaweka mlinzi. Sheria iitwayo ya Brady, ya mwaka 1993, ilifanya kuwa ni kosa kwa msafirishaji kukabidhi silaha ya moto katika safari ya kutoka jimbo hadi jimbo bila kupata uthibitisho wa maandishi wa mpokeaji. Sheria hiyohiyo ilimkataza msafirishaji kuagiza boksi libandikwe nje alama ya kuonyesha kwamba ndani mna silaha, maana alama hiyo ingewaalika wezi. Tazameni basi mpango ulivyo. Boksi limenyamazishwa, na limenyamazishwa kwa sababu njema. Anayebaki kusema ni mtu mmoja tu, yule asimamaye mlangoni akauliza: "Wewe ndiye fulani? Tia saini hapa." Huyo naye akinyamaza, akajitilia saini mwenyewe na kuondoka, hakuna tena kizuizi kati ya bunduki na mkono wa mtoto.

Ulimwengu ulikwisha kulipa gharama ya kutouliza maswali ya namna hiyo. Mwaka 1963 mtu mmoja aliyejiita A. Hidell aliagiza bunduki kutoka duka moja la Chicago, kwa dola 21 na senti 45 pamoja na nauli ya posta. Ilifika kwenye sanduku la posta mjini Dallas, lililokodiwa na Lee Harvey Oswald. Ndiyo bunduki iliyomwua John F. Kennedy, Rais wa kwanza Mkatoliki wa nchi ile, tarehe 22 Novemba mwaka uleule. Bastola iliyomwua askari polisi J. D. Tippit siku hiyohiyo nayo iliagizwa kwa jina lilelile la uongo, kutoka Los Angeles. Tangu mwaka 1927 sheria ilikuwa imewakataza watu wa kawaida kutuma bastola kwa posta ya serikali, lakini haikuwagusa wasafirishaji binafsi; na ndio walioileta. Bunduki na bastola zilitumwa siku moja, tarehe 20 Machi, kwa mtu ambaye hakuwapo duniani. Baada ya miaka mitano na misiba mingine, sheria ya 1968 ikapitishwa.

Je, kampuni za usafirishaji hazijui hatari hii? Zinaijua vema. Mwaka 1999 kampuni ya UPS ilianza kudai kwamba bastola zisafirishwe kwa huduma ya kufika siku inayofuata, kwa sababu baadhi ya wafanyakazi walikuwa wakiziiba njiani. Mwezi Oktoba 2018 bunduki zaidi ya 350 ziliibwa katika kituo chake kimoja mjini Memphis. Mwezi Januari 2022 mkuu wa polisi wa Los Angeles alieleza kwamba makumi ya silaha yalikuwa yameibwa kutoka katika makontena ya treni za mizigo. Kampuni zimepambana na wizi kwa bidii, nasi hatuwalaumu kwa hilo. Tunauliza tu kwa nini bidii hiyo haifiki mlangoni. Wizi ni hasara ya kampuni na mteja wake. Boksi lililoachwa penye mlango usio wake ni hatari ya mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani hayumo katika vitabu vya hesabu.

Tena mwaka 2020, wakati wa janga la korona, wasafirishaji walilegeza sharti la saini kwa mizigo mingi ili watu wasigusane. Ilikuwa busara kwa wakati ule. Lakini desturi ya dharura ina tabia ya kukaa hata dharura inapokwisha, na mkono uliozoea kuandika kwa niaba ya mwingine hauachi kwa urahisi.

Sasa tugeukie Neno la Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mwenyezi Mungu anamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika Kutoka 21:33-34 anayechimba shimo asilifunike hulipa, mnyama wa mwenzake akitumbukia humo. Angalieni kwamba Torati haiulizi kama mwenye nyumba alimchukia aliyeanguka. Haiulizi kama mchimbaji alimtakia mabaya yule ng'ombe. Inauliza jambo moja tu: ukingo ulikuwapo? Shimo lilifunikwa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inafundisha vivyo hivyo kuhusu amri ya tano: sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito, na asiyekusudia kuua hapati udhuru ikiwa alitenda, bila sababu inayolingana na uzito wa jambo, kitu kilicholeta kifo. Saini ya mlangoni ndiyo ukingo wa dari. Anayeiondoa ameondoa ukingo.

Na hapo amri ya tano inakutana na ya nane. Saini ni ushuhuda. Anayeandika kwamba mtu mzima amepokea, hali hakuna aliyepokea, ameshuhudia uongo. Na uongo huo haukudhuru karatasi, ulimdhuru jirani. Tusiuite "njia ya mkato". Katika ungamo hauitwi hivyo.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema kwamba kumiliki silaha ni haki katika nchi ile, kwa Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791. Hatubishani naye hapa. Jirani wa mama yule alikuwa na haki ya kuipata bunduki yake, na kampuni ndiyo iliyomnyima ilipoipeleka kwa mtoto wa miaka tisa. Haki ya mwenye mali na usalama wa mtoto zinadai kitu kilekile: mzigo umfikie mwenyewe, mkononi.

Wa pili atasema kwamba bunduki haikuwa na risasi. Lakini nchi yenyewe ni ipi? Utafiti wa Small Arms Survey uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba raia wa Marekani wana silaha za moto zipatazo milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Mahali pa namna hiyo risasi hazitafutwi mbali. Na mwaka 2020 silaha za moto zilizipita ajali za magari, zikawa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19. Anayejifariji kwa boksi lisilo na risasi anamwachia mtu mwingine kazi ya kulizuia jambo baya, wala hajui kama mtu huyo yupo.

Wa tatu atasema: "Mbona hakuna kilichotokea?" Huyo anachukua rehema ya Mungu na kuiandika katika daftari la sifa zake mwenyewe. Mama alitoka jikoni kwa wakati. Kampuni haikumtuma.

Wa nne ni dereva, na huyu tunamsikiliza kwa upole. Anasema: "Padre, sikujua ndani mna nini, tena nina nyumba nyingi kuliko saa nilizopewa." Ni kweli, huenda hakujua. Lakini agizo la kupata saini ya mtu mzima lilimwambia kinachotosha: kwamba humo mna kitu kisichopaswa kufika mkononi mwa mtoto. Kampuni ndiyo yenye kujua zaidi, kwa kuwa sheria inamtaka anayetuma silaha kwa mtu asiye na leseni amjulishe msafirishaji kwa maandishi. Matokeo yake, anayejua hayupo mlangoni, na aliye mlangoni hajui. Kampuni ikijua hivyo, kisha ikampangia dereva mwendo usiompa nafasi ya kusubiri mlango ufunguliwe, inamwagiza aseme uongo pasipo kulitamka agizo hilo. Baadaye neno likiharibika, inanawa mikono kama Pilato na kumfukuza dereva kazi. Hayati Papa Fransisko, akihutubia Bunge la Marekani tarehe 24 Septemba 2015, aliuliza kwa nini silaha za kuua zinauzwa kwa wanaokusudia kuwatesa wengine, akajibu kwamba ni kwa ajili ya fedha iliyolowa damu. Alisema juu ya biashara ya silaha. Sisi twaongeza kwamba dakika mbili anazonyang'anywa dereva mlangoni nazo ni fedha, na hatujui siku zitakapolowa damu.

Kwa hiyo, kwa wenye kampuni tunasema: mhesabieni dereva muda wa kubisha hodi na kusubiri. Msimwadhibu anayerudi na mzigo kwa sababu hakumkuta mwenyewe. Mfundisheni, kisha mkague kama saini ni ya kweli, si kama ipo tu. Kwa wenye silaha tunasema: msikubali bunduki yenu isafiri hadi kibarazani wakati hampo, ombeni izuiliwe kituoni mkaichukue wenyewe kwa kitambulisho.

Na kwako ndugu yetu dereva, tuliyekufungisha ndoa katika altare hii, tunasema hivi. Mlango usipofunguliwa, andika ukweli kwamba hakuna mtu, urudi na mzigo. Utachelewa, utaulizwa, huenda utakemewa. Zungumza na wenzako, mwendeni pamoja kwa msimamizi, na mliyomweleza myaandike. Nenda kaungame saini za nyuma. Kisha simama wima, kwa maana mtu anayekataa kuandika uongo kwenye kishikwambi cha kazini anamlinda mtoto asiyemjua, na huko ndiko kumpenda jirani.

Sisi tulio huku tusimnyooshee kidole haraka. Nani kati yetu hajawahi kutia saini ya mahudhurio kwa ajili ya mwenzake, au kusaini kwamba vifaa vimepokelewa na kukaguliwa ilhali hata hakufungua sanduku? Kila Misa tunaungama kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Maneno hayo tunayatamka upesi mno. Dominika ijayo tuyatamke polepole, kila mmoja akiukumbuka mlango mmoja ambao hakusubiri ufunguliwe.

Mama aliyetuandikia anasema kwamba mwanawe bado anauliza kwa nini ile zawadi ilichukuliwa. Tumshukuru Mungu kwamba yupo wa kuuliza. Tuwaombee yeye, mama yake, na baba yake, ambaye kesho alfajiri ataliwasha gari lake na kuanza zamu.

Tumsifu Yesu Kristo.