Oili ya Gia na Mshahara wa Dereva



Gia ya lori ikilia, wa kwanza kulaumiwa ni dereva: ati hajui kukanyaga klachi. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa neno hilo. Lakini sisi tulio karakana twajua sababu nyingine.

Ndani ya giaboksi meno ya gia husuguana, nayo yataka oili yasiliwe. Tena zimo pete za shaba ya manjano, ambazo kazi yao ni kushika gia na kulinganisha mwendo wake kabla haijaingia. Hizo bila msuguano kidogo hazifanyi kazi. Kwa hiyo giaboksi nyingi za namna hii huandikiwa oili ya GL-4. Ukitia GL-5, ile ya difu, pete zaweza kuteleza, na dawa ya salfa iliyomo yaweza kuila shaba. Hapo gia italia hata kwa dereva hodari.

Basi kabla ya kumkata mtu mshahara, oili ichunguzwe: ya namna gani, kiasi gani, ilibadilishwa lini. Iandikwe kitabuni, na mwakilishi wa chama aione. Kosa la mnunuzi wa oili lisilipwe na mshika usukani.