Nani Amekutuma?



Tuwaze kidogo. Mtu mwenye koti nzuri na sakoshi mkononi anaingia asubuhi kwa mnunuzi wa almasi kule Makiso, ao kwenye depo ya mchele kule Lubunga. Anasema: "Ninatoka kwa wale wanaopigana na rushwa. Fungua vitabu!" Moyo unashtuka, mkono unakwenda mfukoni kutafuta matabishi. Hebu ngoja! Kuna ulizo moja la kwanza: "Nani amekutuma, na amekutuma kufanya nini?"

Kutuma mtu si vibaya. Katika inchi yetu, shirika la Serikali la kuzuia rushwa na kupigana nayo, lile linaloitwa APLC, liliundwa tarehe 17 Machi 2020 kwa agizo la Rais Félix Tshisekedi. Makao yake ni Kinshasa. Toka kule mpaka hapa Kisangani, kwa njia ya mto, ni karibu kilometa 1.700. Mkubwa hawezi kufika mwenyewe kila pahali. Lazima agawie wengine sehemu ya mamlaka yake. Musa pia alifanya vile kwa shauri la mkwe wake Yetro. Lakini Yetro alitaka wachaguliwe watu wenye kuchukia rushwa (Kutoka 18:21).

Mamlaka ya kuazimwa ina mipaka. Mama akimtuma mtoto soko kununua mafuta ya mawese, mtoto hana ruhusa ya kununua bonbo, wala ya kumpa rafiki ile feza ili aende pahali pake. Tena chupa ikipasuka njiani, mama hawezi kusema: "Mimi simo." Ni yeye alituma. Kwa ofisi ni vile vile. Mwenye kutumwa anafanya kazi iliyoandikwa tu. Hatume mwingine kama hakupewa ruhusa. Na mkubwa aliyetia sahihi anabaki na mzigo.

Kwa hiyo uliza kwa heshima ile karatasi inayoitwa ordre de mission. Soma jina, kazi, pahali, siku ya kuanza na ya kumaliza, sahihi na muhuri. Linganisha na karte yake ya kazi. Ukiwa na mashaka, nenda parke, kwa sababu OPJ anafanya kazi chini ya prokirere. Akitaka kukufunga, kumbuka Katiba ya 2006, kifungu cha 18: usiwekwe rumande ya polisi kupita saa 48. Zikiisha, uachiliwe ao upelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Karatasi ikiwa ya kweli, fungua vitabu bila kuficha. Tuseme ukweli: mara nyingi tunaogopa kuuliza juu vitabu vyetu wenyewe si safi. Lakini sheria ya 29 Machi 2005 inamgusa mwenye kupokea rushwa na mwenye kuitoa pia.

Na wewe kijana unayetumwa na mkubwa wako? Kumbuka Gehazi. Elisha alikataa zawadi za Naamani, lakini Gehazi akamkimbilia, akasema bwana wake amemtuma. Aliuza jina la mtu mwingine. Akapata feza na nguo, akapata na ukoma (2 Wafalme 5). Tena usiseme "niliamriwa tu": kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni nani anayetumia jina letu inje, na tumemwekea mipaka gani?
2. Mtu wa Serikali akiingia leo, vitabu vyetu viko tayari?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.