Vitenzi vya Kingereza: kwa nini mtoto wa Mutwanga apitishwe kwanza kwenye Kifaransa?

MUTWANGA, Beni – Mwanafunzi wa sekondari hapa chini ya mlima Ruwenzori anaimba "go, went, gone" bila kukosea hata mara moja. Muulize maneno hayo matatu yanafanya kazi gani, ananyamaza. Kosa si lake.

Kosa ni la njia. Mwalimu anaandika ubaoni "j'ai habité", pembeni anaandika "I have lived", kwa sababu vinafanana sura. Basi mtoto anaamini ni kitu kimoja. Wazazi waliokimbia vita wasikilize vizuri, maana hili linawagusa kuliko wengine.

Chukua familia ambayo binti yao hajulikani aliko. Kwa Kiswahili mama anasema "binti yangu amepotea", na kila mtu anaelewa kwamba hadi leo hajaonekana. Akisema "alipotea", msikilizaji atauliza: kisha akarudi? Kingereza kinafanya vilevile: "she has disappeared", halafu "she disappeared". Kifaransa je? Pande zote mbili ni "elle a disparu". Mtoto mwenye -me- na -li- mdomoni tangu utoto anapelekwa kwenye lugha inayozichanganya, kisha anaambiwa Kingereza ni kigumu!

Na Kingereza si mbali. Kutoka hapa hadi Kasindi ni safari fupi, na ukishavuka Mpondwe shule za Uganda zinafundisha kwa Kingereza. Huko mtoto mkimbizi ataulizwa habari za kwao. Akijibu "my father was a teacher", watasikia baba hafundishi tena, pengine amekufa. Akijibu "my father has been a teacher since 2010", baba bado ni mwalimu. Nani atamsahihishia jibu hilo ugenini?

Kweli, Kiswahili hakimalizi kila kitu. Anayesema "niko hapa tangu 2021" ataandika "I am here since 2021", na hilo ni kosa. Kingereza kinataka "I have been here". Hapo mwalimu afanye kazi yake. Lakini ni afadhali kusahihisha kosa moja kuliko kuanza na msingi uliopinda.

Wengine watajitetea kwamba Examen d'État inafanywa kwa Kifaransa. Sawa, Kifaransa kibaki mahali pake. Ila Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kazi nyingi za ofisi ni kwa Kingereza. Hakuna sheria inayomkataza mwalimu wa Mutwanga kuandika ubaoni "amepotea" na "alipotea" kabla ya kugusa "a disparu". Hakuhitaji kitabu kipya wala msaada wa shirika. Chaki anayo. Kamati za wazazi zimuulize Septemba, masomo yakianza, kwa nini hafanyi hivyo.