Nzi dume hukataa kubadilishana

Acha ndizi mbivu jikoni, msomaji, na baada ya siku chache utawaona nzi wadogo wenye macho mekundu wakiizunguka. Usiwadharau. Wana jozi 4 tu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi katika chembe za mwili.

Jike anapotengeneza mayai, nyuzi alizopata kwa mama na kwa baba yake hujipanga mbili mbili, hukatika na kubadilishana vipande. Lakini dume! Zake hukaribiana, kisha huachana bila kupeana hata kipande. Mwanafunzi anayepewa hesabu ya urithi wa nzi hawa asipouliza mzazi yupi ni dume, jibu atalikosa.

Jambo hili lilitangazwa mwaka 1912 na Thomas Hunt Morgan, mtaalamu wa New York. Mwaka uliofuata mwanafunzi wake, Alfred Sturtevant, alichora ramani ya kwanza ya jeni kwa kuhesabu mabadilishano ya majike: jeni zilizo karibu hutengana kwa nadra, zilizo mbali mara nyingi.

Kwa nondo wa hariri mambo ni kinyume: jike ndiye asiyebadilishana.