Walioubeba Mzigo wa Vita, Kilosa na Mikumi

Vita vilivyoanza mwaka 1914 katika mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na koloni la Waingereza, huko Longido na Taveta, vilifika Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, pale kikosi cha upande wa Waingereza cha Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini kiliposhuka kutoka milima ya Usagara kwa kufuata reli ya kati, ambayo Wajerumani walibomoa madaraja yake kila waliporudi nyuma. Vitabu vingi vimeiandika siku hiyo kuwa ya ushindi. Makala hii inashikilia kwamba kutekwa kwa Kilosa kulikuwa mwanzo wa maangamizi ambayo makamanda waliyasababisha, kisha wakayasingizia mvua na homa.

Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza tangu Februari 1916, alitaka kumzingira adui kwa kasi ya farasi, ilhali nyika ya chini ya milima ile ni makao ya mbung'o, nzi anayeeneza nagana, yaani ugonjwa wa damu unaoua farasi na ng'ombe, na jambo hilo wafugaji wa nchi hii walilijua kabla ya jenerali yeyote. Farasi walikufa, magari ya chakula yakabaki nyuma, posho ya askari ikapunguzwa. Hata hivyo amri ilikuwa kusonga mbele kuelekea kusini, kupita Mikumi hadi Kidodi. Kati ya Oktoba na Desemba 1916 askari wagonjwa wa Afrika Kusini kati ya 12,000 na 15,000 walirudishwa kwao, wengi wakiwa wameangushwa na malaria na kuhara damu, wala si risasi.

Mnyama alipokufa, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Wapagazi, yaani raia waliochukuliwa, mara nyingi kwa nguvu, ili wabebe chakula na risasi, walikufa wapatao 95,000 kwa hesabu rasmi za upande wa Waingereza peke yake. Upande wa Wajerumani haukuwa na huruma zaidi, kwani kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, anayesifiwa hadi leo kwa kutosalimu amri hadi Novemba 1918, aliulisha ukaidi wake kwa nafaka na migongo ya wanavijiji, na ng'ambo ya milima ya Rubeho, huko Ugogo, njaa iliyoitwa Mtunya ilifuata nyayo za majeshi yote mawili.

Januari 1917 Smuts aliondoka kwenda London akitangaza kuwa vita vimekaribia kwisha. Mrithi wake, Arthur Hoskins, alisimamisha mapigano ili apange upya chakula, matibabu na wapagazi. Na kwa kufanya hilo, ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya mtu yeyote kuvuka Usagara, aliondolewa mwezi Mei.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina popote. Radhi hiyo haitoshi bila majina yenyewe. Familia za Kilosa, Ulaya (ile ya wilayani Kilosa), Mikumi na Kidodi zenye kumbukumbu ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi zinaombwa ziliandike jina lake, ukoo wake na kijiji alikotolewa, wakati wazee wanaoweza kulisimulia wangali hai.