Kidole, Kioo na Kibodi

Mang'ola, wilayani Karatu, iko kandokando ya Ziwa Eyasi, katika bonde lenye joto ambako maji ya chemchemi huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya vitunguu. Mkulima aliyemo mferejini akisikia simu yake ikilia, huufuta mkono kwenye nguo kwanza, akaukausha, ndipo apanguse kioo. Jirani yake mwenye simu ya vitufe, ile iitwayo kitochi, hubonyeza tu hata kama mkono una tope. Tofauti hiyo ndogo yafaa kuzingatiwa na kila anayefikiri juu ya mustakabali wa kompyuta shuleni.

Kioo cha kugusa hupakwa utando mwembamba sana unaopitisha umeme na kuruhusu mwanga. Utando huo huwekewa chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kikigusa kioo, chaji hubadilika mahali pale, na kompyuta hupiga hesabu ili kujua ni wapi. Maji pia hupitisha umeme, hivyo tone moja laweza kuihadaa mashine. Ukucha na kijiti kikavu havitambuliwi, na kidole chenye sugu ya jembe hutambuliwa kwa shida.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson alichapisha maelezo ya kioo cha namna hiyo. Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mashine ya kufundishia iitwayo PLATO IV ilimwezesha mwanafunzi kujibu kwa kugusa kioo. Kidole kilikata miali isiyoonekana kwa macho. Hata hivyo, ni baada ya simu ya iPhone kutokea mwaka 2007 ndipo mguso ulipoenea duniani.

Faida zake hazina ubishi. Mtu asiyewahi kujifunza kupiga chapa aweza kuitumia kompyuta siku ile ile anayoishika. Aidha, herufi za kwenye kioo ni picha tu, nazo zaweza kubadilishwa bila kuunda mashine nyingine. Jambo hili lina uzito Mang'ola, ambako pamoja na Kiswahili husikika Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza, lugha yenye sauti za vidoko. Kila lugha yaweza kuchorewa herufi zake.

Kwa sababu hizo wako wasemao kwamba kibodi imepitwa na wakati, na kwamba shule zisipoteze fedha kuinunua. Maoni hayo ni nusu ya ukweli.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yatoa ushahidi mzuri. Makarani walikwenda nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na watu 61,741,120 wakahesabiwa. Kazi ile iliafikiana na mguso, kwa kuwa maswali yalikwisha kupangwa, na mengi kati yake yalitaka jibu moja lichaguliwe. Baada ya sensa, vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu. Kifaa ni kile kile, bali kazi si ile ile. Mwalimu hutunga mtihani, huandaa maelezo ya jaribio la kemia, huandika ripoti. Mwanafunzi naye hapaswi kuchagua tu; yampasa kueleza, kutetea hoja na kuandika programu.

Hapo ndipo udhaifu wa kioo unapojitokeza. Kidole huchagua upesi, lakini huandika polepole. Kibodi iliyochorwa hufunika sehemu kubwa ya ukurasa, na vidole havihisi mpaka baina ya herufi na herufi, hivyo macho hayana budi kuvilinda muda wote. Mtumiaji huanza kufupisha sentensi, kisha hufupisha fikra. Isitoshe, anayechagua tu hujibu ndani ya mipaka aliyowekewa na mwingine. Programu zenyewe zinazoendesha vioo hivyo huandikwa na watu walioketi mbele ya kibodi. Taifa ambalo vijana wake wamezoea kugusa tu litabaki kuwa mnunuzi wa kazi ya wengine.

Haifuati kwamba vishikwambi vifungiwe kabatini. Vingi hukubali kuunganishwa na kibodi ya kawaida, na shule yenye kibodi chache yaweza kuzitumia kwa zamu. Mwalimu anayetilia shaka hoja hii na aipime darasani: kundi moja liandike aya ya maneno mia moja kwa kugusa kioo, jingine kwa kibodi, kwa wiki kadhaa, muda, makosa na urefu wa sentensi viandikwe ubaoni. Matokeo yatasema yenyewe.

Mtoto wa mkulima wa Mang'ola atajifunza kupangusa kioo bila kufundishwa na mtu. Kuandika programu itakayotunza hesabu za magunia ya vitunguu vya baba yake, hilo hatalijua asipofundishwa. Kazi ya shule ni kumfundisha hilo la pili.